Jikoni kwa Shangazi: Nanasi limenigeuzia kuku kuwa uji

Barua za kuku na matunda zimenijia nyingi tangu maembe yaanze kuonekana sokoni, na baadhi yake zimeandikwa kwa huzuni kabisa. Nimechagua saba. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana aliyeiandika ana siku chache tu za kujiandaa.

Shikamoo Shangazi. Huu ni mwaka wangu wa pili tangu niolewe, naishi Kihonda, Morogoro. Jumamosi iliyopita wakwe zangu walikuja kula chakula cha usiku, nikataka kuwapikia kitu ambacho hawajakizoea. Nilinunua kuku wa kienyeji, nikamkatakata, nikamroweka kwenye nanasi lililosagwa pamoja na tangawizi tangu Ijumaa jioni, nikamweka kwenye friji. Asubuhi nikakuta nyama imelegea, juu imekuwa kama uji, na nilipompika akasambaratika, mifupa kivyake, nyama kivyake. Mama mkwe alikula kimya, kisha akasema chumvi imekolea vizuri. Niliingia chumbani nikalia. Wanarudi mwisho wa mwezi. Nilikosea wapi?

Marahaba mwanangu. Ulikosea saa tu. Nanasi lilikuwa sawa, tangawizi sawa, na kumweka kwenye friji ulifanya la maana. Lakini hakuna nyama ya kuku inayoweza kulala usiku kucha ndani ya nanasi bichi ikaamka salama.

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelini. Kazi yake ni kukatakata protini, na nyama ni protini. Umewahi kula nanasi vipande vingi ulimi ukaanza kuwasha na pembe za midomo kuchonyota? Ni hicho hicho, kinakutafuna wewe wakati wewe unalitafuna nanasi. Ukitia nanasi bichi kwenye jeli ya watoto, jeli haigandi hata ikikaa kwenye friji mpaka kesho, kwa sababu hiyo hiyo. Papai bichi nalo lina chake, papaini, kipo kwenye ule utomvu mweupe unaotiririka ukilichanja ganda. Baridi ya friji inavipunguzia kasi tu, haivisimamishi. Kinachoviua ni moto. Nanasi likishachemka linabaki na utamu wake na uchachu wake, ila ile nguvu ya kulainisha nyama imekwisha.

Ndiyo maana nasema ni suala la saa. Nanasi bichi juu ya nyama mbichi lichukulie kama dawa, unalipima kwa dakika. Nanasi ndani ya mchuzi unaochemka ni kiungo kama nyanya, hapo unalipima kwa ulimi. Wewe ulitaka kiungo, ukajikuta umetia dawa.

Mimi somo hili nililipata kwa uchungu. Shughuli ya kwanza niliyokabidhiwa kuisimamia peke yangu ilikuwa hitima, watu 60, Magomeni. Nilikuwa na kuku 12, majogoo wazee watupu, nikaogopa watakuwa wagumu. Nikawalaza usiku kucha kwenye papai bichi lililosagwa. Alfajiri nilipotia mkono kwenye beseni, kidari kilipita katikati ya vidole vyangu kama nimeshika udongo uliolowa. Mama yangu alikuja, akatazama, hakusema neno. Akamtuma mtoto dukani akaleta unga, akaanza kusukuma manda. Nyama yote tuliichambua, tukaikausha kwenye kikaango pamoja na vitunguu, pilipili manga na ndimu nyingi, tukafunga sambusa mpaka adhuhuri. Watu wakala pilau ya maziga tu, isiyo na nyama, sambusa pembeni. Basi nawe ikikutokea tena, usihangaike kumrudisha kuku huyo awe mchuzi. Mchambue, mkaushe, mfanye sambusa au katlesi. Pale nyama laini inafaa.

Tuje kwenye mwisho wa mwezi.

Kwanza mkague kuku kabla hujatoa hela. Bonyeza ncha ya mfupa wa kidari, pale chini unapoishia. Ukipinda kama sikio, kuku huyo ni mchanga. Ukiwa mgumu kama kijiti, na kama ni jogoo ule mwiba wa nyuma ya mguu umerefuka, jua una saa mbili za kuchemsha mbele yako. Wote wawili wanapikika, unachotakiwa ni kumjua uliyemnunua. Kwa watu wanane, kuku wa kilo moja na nusu mpaka mbili anatosha.

Usimroweke. Mchemshe. Mtie kwenye sufuria na kipande cha tangawizi kilichotwangwa, punje sita za kitunguu saumu, chumvi, na maji ya kumfunika. Moto ukishashika, upunguze, umwache achemke taratibu. Mtetea mchanga atachukua kama saa moja, jogoo mzee mara mbili yake. Choma paja kwa uma. Uma ukiingia bila kusukumwa, ameiva. Mtoe, na supu yake uichuje uitunze, hiyo ndiyo roho ya mchuzi. Ikiwa ni jogoo mzee kabisa na unataka kumsaidia, kabla ya kumchemsha mpake nusu kikombe cha maji ya nanasi bichi, tazama saa, na dakika 20 zikifika msuuze aingie sufuriani. Hayo maji uliyompakia yamwage. Yamegusa nyama mbichi, hayafai kuongezwa kwenye mchuzi juu juu, na ubao uliokatia kuku uoshe kwa sabuni kabla hujaukatia kachumbari.

Nanasi chagua lenye harufu kwenye kitako. Kama halinuki, halijakolea. Kama linanuka kama pombe, limepita. Mananasi ya Kiwangwa hayakosekani kwa wachuuzi wa upande wa Chalinze, na nanasi moja la kadiri linakutosha. Limenye, toa macho yote, lipasue mara nne kwa urefu. Ule moyo mgumu wa katikati utoe lakini usiutupe: uponde, uukamue, upate maji kama robo kikombe. Nyama ya nanasi ikate vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba.

Sasa kitu ambacho wengi hawakifanyi, na mimi ndicho ninachokushikilia ukifanye. Weka kikaango kikavu motoni, tia mafuta kijiko kimoja tu, kikishapata moto panga vipande vya nanasi visigusane. Usikoroge. Viache mpaka uone ukingo wa chini umekuwa kahawia na harufu imebadilika, inakuwa kama ya sukari inayoanza kuungua, halafu vigeuze mara moja. Vitoe. Nanasi lisilopitia hapo hutoa maji yake yote ndani ya mchuzi, mchuzi ukawa mwepesi na nanasi likawa nyuzi. Lililokaangwa hubaki na umbo lake, na ule ukahawia ndio unaofanya lipatane na nyama.

Mchuzi wenyewe ni wa kawaida. Vitunguu maji vitatu, vikaange mpaka vikaribie kuwa kama vya pilau, usivifanyie haraka. Tia saumu na tangawizi iliyopondwa kijiko kimoja kikubwa, kijiti cha mdalasini, iliki nne ulizozipasua, bizari nyembamba ya kusaga kijiko kidogo, manjano nusu kijiko kidogo. Nyanya nne ulizozikwaruza, zipike mpaka mafuta yaanze kuonekana pembeni. Hapo ndipo unatia vipande vya kuku, unavigeuza mpaka vishike viungo, kisha supu vikombe viwili na yale maji ya moyo wa nanasi. Pilipili mbuzi moja nzima, usiipasue. Acha vichemke dakika 15 bila kifuniko mpaka mchuzi ushikane. Vile vipande vya nanasi vinaingia mwisho kabisa, dakika nane kabla ya kuepua, na hoho moja iliyokatwa.

Onja. Kama utamu umezidi, kamulia ndimu na uongeze chumvi kidogo. Usiongeze sukari hata nanasi likiwa kali. Andalia wali mweupe, usipike wa nazi, maana mchuzi huu una utamu wake na nazi itauelemea. Kachumbari ya tango na kitunguu inatosha, nyanya zimo tayari. Na firigisi mwanangu, hata kwenye chakula cha kigeni namna gani, iweke juu kwenye sahani ya baba mkwe.

Mpike nusu kuku katikati ya wiki, mle wewe na mumeo, ili siku yenyewe mkono wako uwe umeshazoea. Halafu nikwambie jambo moja kuhusu mama mkwe wako. Chakula kiliharibika mbele yake, naye akatafuta ndani yake kitu cha kusifia, akakipata. Huyo amekupenda. Mwombe aje mapema, akae jikoni akunusie nanasi.

Shangazi, asalaam aleikum. Mimi ni baba wa watoto watatu, Likoni. Mke wangu kajifungua wiki tatu zilizopita na sasa mpishi ni mimi. Nilipika kuku wa nazi nikatia embe bichi kama alivyokuwa akipika marehemu mama. Tui likakatika: mafuta juu, maji chini, na vipande vyeupe kama maziwa mabovu. Watoto wakala wali mkavu. Nimekosea nini?

Waalaikum salaam baba, na hongereni kwa mtoto.

Tui halipendi vitu viwili, ukali na moto mkali, na wewe umelipa vyote kwa pamoja. Embe bichi ni kali kama ndimu. Tui zito likikutana na ukali huo huku linachemka kwa nguvu, hujikusanya vipande vipande na mafuta yake hujitenga.

Tenganisha matui. Kwa nazi mbili kubwa, kamua tui la kwanza kikombe kimoja, liweke kando. Rudia kukamua kwa maji ya vuguvugu upate vikombe vitatu vya tui jepesi. Kuku wa kisasa mmoja, mkate vipande, umpike kwenye tui jepesi pamoja na kitunguu, saumu, manjano, pilipili mbichi na chumvi. Baada ya dakika 15 tia maembe mabichi mawili uliyoyakata. Dakika 15 nyingine kuku ameiva na embe limelainika. Hapo punguza moto uwe mdogo kabisa. Kama ni jiko la makaa, toa makaa, ubakishe machache. Sasa mimina tui zito polepole huku unakoroga na usiache kukoroga. Usifunike. Ukiona povu la kwanza linapanda pembeni, epua.

Kama limeshakatika na watu wanasubiri, toa nyama na embe, mchuzi uliobaki upige kwenye blenda ukishapoa kidogo, urudishe kwenye moto mdogo na kijiko cha unga wa mchele uliokorogwa kwa maji. Hautakuwa kama wa marehemu mama, lakini wali hautaliwa mkavu.

Na embe lenyewe. Bibi yangu, Tanga, alikuwa na kisu kifupi chenye mpini uliofungwa kitambaa. Alikuwa akimenya embe kwa kuzungusha, ganda linatoka utepe mmoja mrefu, kisha anakata kipande chembamba cha shavu, anakitia kinywani, anafumba macho. Kila embe alilionja, hata yakiwa kumi na yote yametoka mti mmoja. Lililo kali sana alilikata vipande vidogo, lililoanza kuingia utamu alilikata vikubwa. Mimi nilidhani ni mazoea ya kizee mpaka nilipoanza kupika mwenyewe. Maembe ya mti mmoja hayalingani ukali, la upande wa jua limetangulia. Kwa hiyo nikikwambia maembe mawili, maana yangu ni anza na moja na nusu, onja mchuzi, ndipo uamue hiyo nusu.

Shangazi, nakusoma kila toleo lakini hapa tunapishana. Matunda yaliwe baada ya chakula. Kuku apikwe kwa nyanya na kitunguu kama tulivyokuta kwa wazazi wetu. Haya ya nanasi na embe ndani ya mchuzi ni mambo ya hotelini. Baba wa familia, Mwanza.

Kaka yangu, nashukuru kwa kuniandikia kwa uwazi. Tuanze na hiyo nyanya. Nyanya ni tunda. Inatoka kwenye ua, ina mbegu ndani, na asili yake ni bara la Amerika, huko huko yalikotoka nanasi na papai. Kwetu yote matatu ni wageni, nyanya tumeizoea mpaka tumesahau kwamba ilikuja.

Halafu angalia upande wa pili wa ziwa lako. Bukoba wanapika ndizi na nyama, na hakuna anayesema ni mambo ya hotelini. Kule Kilimanjaro ndizi na nyama ndiyo mtori. Ndizi ni tunda. Ukienda Unguja au Mombasa, mtu akikupa biriani isiyo na zabibu kavu utaona kuna kitu kimepungua. Na ndimu unayomkamulia kuku kabla hajaingia sufuriani, hiyo nayo tuiite nini?

Ukwaju ndio unaonifurahisha zaidi. Jina lake la kitaalamu, Tamarindus, limetoka kwa Waarabu waliouita tende ya Kihindi, tamr hindi, na watu wengi hadi leo wanaamini ni mti wa India. Mkwaju asili yake ni Afrika. Umeota kwenye nyika zetu kabla ya majahazi yote. Kwa hiyo kuku wa ukwaju ni chakula chetu kuliko hata huyo kuku wako wa nyanya, na nakuomba umjaribu mara moja ndipo tupishane vizuri. Roweka ukwaju wa ukubwa wa yai kwenye maji ya moto kikombe kimoja, uvuruge, uchuje kokwa. Kaanga saumu na pilipili, mimina ukwaju, tia chumvi na manjano, upike mpaka uwe mzito unaoshika mgongo wa kijiko. Choma kuku wako kwenye makaa kama kawaida, na akikaribia kuiva ndipo umpake, mara mbili, kila upande. Ukimpaka mapema utaungua kabla nyama haijaiva. Ukwaju usiupike kwenye sufuria ya alumini kwa muda mrefu wala usiulaze humo, ukali wake unaila alumini hiyo na chakula kinapata ladha ya madini. Chungu ni bora, au sufuria ya stili.

Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa Maskati. Mama mkwe hapa anatia ndimu kavu nzima nzima kwenye mchuzi wa kuku. Zake zinakuwa tamu, zangu zinakuwa chungu hadi watoto wanakunja uso. Naona haya kumuuliza kila siku.

Mwanangu, uchungu unatoka kwenye mbegu na kwenye kuchemka kupita kiasi. Osha ndimu kavu, zitoboe kwa ncha ya kisu sehemu mbili, ziloweke kwenye maji ya moto dakika kumi. Ukitaka kuwa na uhakika zipasue, utoe mbegu zote. Kwa kuku mmoja tia mbili, tatu kama ni ndogo, ziingie nusu saa kabla ya kuepua, na mchuzi ukiiva uzitoe. Usizibonyeze kwa mwiko zikiwa ndani ya sufuria, kwa kufanya hivyo ndipo mbegu zinapopasuka. Zilizo nyeusi sana zina ladha nzito zaidi kuliko za kahawia, anza na za kahawia.

Na haya iondoe. Muulize. Mwambie, "Mama, nataka watoto wako wale kwangu kama wanavyokula kwako." Hakuna mama anayeukasirikia ufunguzi huo.

Huku Dodoma wakati wa msimu zabibu zimejaa. Zinafaa kwa kuku?

Zinafaa. Mkaange kuku wa kisasa kwa siagi kidogo na vitunguu, tia supu nusu kikombe, na dakika tano za mwisho tia zabibu zilizopasuliwa katikati na kutolewa mbegu. Pilipili manga ya kutosha. Zikikaa zaidi ya hapo maganda yanajitenga.

Shangazi shikamoo. Baba yetu ana kisukari na tunakula naye kila Jumapili, watu kumi mezani. Mdogo wangu anataka kupika kuku wa nanasi na asali aliyemwona kwenye simu. Nimemkatalia, tumegombana. Nani yuko sahihi? Tegeta, Dar es Salaam.

Marahaba. Msigombane kwa sababu ya asali. Ila kwa baba yenu, wewe una hoja. Asali ni sukari, haijalishi imetoka kwenye mzinga, na nanasi lililoiva lina sukari yake juu ya hiyo. Ukiyaweka mawili pamoja na sahani ya wali, umemrundikia.

Lakini kuku wa tunda anaweza kula. Mpikieni wote wa embe bichi au wa ukwaju, bila asali wala sukari. Ukali unachangamsha chakula mpaka hata chumvi unaweza kuipunguza. Kama mdogo wako amekwishanunua nanasi, lichomeni vipande kando, kila mtu ajiwekee, baba apate kipande kimoja kwa kuonja. Wali wake uwe mdogo, mboga za majani ziwe nyingi. Kiasi chenyewe anachoruhusiwa waulizeni wanaomtibu, wao ndio wanaojua vipimo vyake. Ninachowasihi ni kitu kimoja: msimpikie baba sufuria yake peke yake pembeni huku ninyi wengine mnakula kingine. Nimeona wazee wakipoteza hamu ya kula kwa jambo hilo. Badilisheni sufuria ya wote.

Shangazi, huku Tabora maembe yanaoza chini ya miti, mengi kuliko tunavyoweza kula. Mfungo ukifika hakuna hata moja, na mimi nataka kuku wa embe wa kufuturisha. Nitayatunzaje?

Tabora mna utajiri huo tangu enzi za misafara, miembe ilipandwa kufuata njia ile ya kuja pwani, na inaniuma kusikia yanaoza.

Chuma yangali mabichi, magumu, kokwa yake ikiwa imeshaanza kukomaa. Menya, kata vipande vyembamba kama unene wa sarafu mbili. Vichanganye na chumvi, kijiko kimoja kikubwa kwa kila kilo, pamoja na manjano kidogo, uviache usiku mmoja kwenye beseni la plastiki lililofunikwa. Asubuhi utakuta yametoa maji. Yamwage, vipange vipande kwenye ungo safi, vifunike kwa chandarua ili nzi wasitue, uvianike kwenye jua kali. Jioni uviingize ndani, umande usivipate. Siku tatu mpaka nne kwa jua lenu. Ukikikunja kipande kikakatika kwa sauti, kimekauka. Kikijikunja tu kama ngozi, bado, na ukikitia chupani kitaota ukungu.

Vikishapoa kabisa vitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana. Siku ya kupika, konzi moja kwa kuku mmoja, uvisuuze, uviloweke robo saa kwenye maji ya vuguvugu, uvitie kwenye tui jepesi kama nilivyomweleza baba wa Likoni. Chumvi ya mchuzi usitie mpaka uonje kwanza, vipande vina yake. Na kama mna friji ya kugandisha, maembe mabichi yaliyokatwa yanakaa humo kwenye mfuko uliobanwa hewa, hayo yanatiwa sufuriani moja kwa moja yakiwa yameganda. Juu ya mfuko na juu ya chupa andika tarehe.